Kuotesha Funastrum kwa Ajili ya Vipepeo wa Jangwa la Sonora

Karibuni, watazamaji. Mmea mnaouona umejisokota kwenye uzio huu ni Funastrum cynanchoides, mmea utambaao ambao asili yake ni kusini-magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Katika Jangwa la Sonora humea kando ya makorongo ya mchanga yanayopitisha maji baada ya mvua tu, na ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Kipepeo aitwaye malkia, Danaus gilippus, hutaga mayai juu yake, kwa kuwa viwavi wake hula mimea ya jamii hii. Tunapanda mmea ili uliwe. Anayetaka majani yasiyo na matundu na achague mwingine.

Kwanza, chagueni mahali penye jua, hata kama pana kivuli chepesi alasiri. Chimbeni shimo lenye upana mara mbili ya kopo la mche, mlijaze maji na kungoja. Maji yakikaa saa nyingi bila kunywea, huenda chini kuna tabaka gumu la chokaa, ambalo ni jambo la kawaida Arizona. Livunjeni kwa sululu au mhamie mahali pengine. Mboji si ya lazima.

Pandeni baada ya hatari ya jalidi kupita. Mbegu zifukiwe kwa kina cha sentimita 1 hivi, udongo ukiwa umekwisha kupata joto. Mnaonunua miche, ulizeni kitaluni kama imetiwa dawa ya wadudu inayoenea ndani ya mmea, kwa sababu dawa hiyo hubaki katika majani na kumuua kiwavi anayeyala. Mwagilieni maji mengi kwa mara moja, kisha mwache udongo wa juu ukauke kabla ya kurudia.

Wekeni waya au wavu mapema. Mmea huu hauna vikono vya kung'ang'ania. Hupanda kwa kuzungusha shina lake, kwa hiyo ukuta mtupu hauufai.

Sasa tuje kwenye jambo linalowashinda wengi, nalo ni vidukari. Hawa wa manjano, Aphis nerii, hujazana kwenye machipukizi hata mtu akatamani kunyunyizia chochote kilicho karibu. Msinyunyizie, hata ile dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis aina ya kurstaki inayosifiwa kuwa ya asili, kwani kazi yake hasa ni kuua viwavi. Geuzeni kwanza kila jani mtafute mayai, ambayo malkia hutaga moja moja. Baada ya hapo wapondeni vidukari kwa vidole vilivyovaa glavu. Utomvu ukiingia machoni huwasha sana, basi msijifute uso kabla ya kunawa.

Viwavi wakitokea, hesabuni nyuzi nyeusi mgongoni: malkia ana jozi tatu, ilhali binamu yake Danaus plexippus, ambaye pia anaweza kutembelea mmea huu, ana mbili.

Jalidi ikipiga, mashina hukauka, lakini mizizi huchipua tena majira ya kuchipua. Msiung'oe. Yakateni mashina makavu baridi ikiisha, mkikagua kwanza kama kuna pupa aliyening'inia.