Drafti ya 2009 Bado Inatuuma

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Sauti yangu mtaisikia imekwama. Niliiacha Don Bosco Upanga siku ya Jumamosi.

BARAKA: Waambie ilikuwaje, maana mimi tangu siku hiyo kila ukinipigia simu ni hilo tu.

ZUHURA: Nimekwenda zangu kuangalia vijana wa kikapu. Baba mmoja akanifuata, nikamwamkia, akaitikia, hata kukaa hajakaa vizuri ananionyesha mwanawe uwanjani. Dogo ana miaka 15. Akinyoosha mkono anashika wavu bila kuruka. Akizuia mpira mmoja, simu zote juu, watoto wanapiga kelele uwanja mzima. Sasa kuna mtu amejitokeza, anasema ana njia ya kumpeleka nje, ila dogo aache shule mwezi huu huu. Baba anataka jibu moja tu kutoka kwangu: "Atafika au hafiki?"

BARAKA: Ukamjibu?

ZUHURA: Nilimwambia shule asimtoe. Hilo sikulifikiria mara mbili, na ndilo lililonimaliza sauti, maana yule mtu wa njia alikuwa pale pale. Lakini swali lenyewe, kufika au kutofika, nimelala nalo wiki nzima.

BARAKA: Ndiyo maana leo nimekuja na karatasi. Dalili tano za kumpima kijana anayesifiwa. Na mfano wetu ni Khaman Maluach, kwa sababu ni wa huku kwetu. Mtoto wa Sudan Kusini, kakulia Kampala, mpira wa kikapu kaushika 2019 akiwa na miaka 13. Miaka sita baadaye, Juni 2025, anachaguliwa wa 10 kwenye drafti ya NBA, yaani usiku ambao timu za ligi kuu ya Marekani zinachagua vijana kwa zamu, na sasa yuko Phoenix Suns.

ZUHURA: Sawa, lakini kabla hujaanza. Sheria ya leo: jina la yule wetu lisitajwe. Nakujua. Kila ukilitaja, unamnunulia fundi wetu wa sauti soda.

BARAKA: Nakubali. Dalili ya kwanza ni miguu. Mtu mrefu usimwangalie akizuia mpira, mwangalie sekunde mbili kabla hajazuia. Miguu imefika, au mkono ndio unaokimbilia peke yake? Maana Hasheem Thabeet pale chuo cha Connecticut...

ZUHURA: Fundi, soda.

BARAKA: Ah, Zuhura! Huwezi kuongelea warefu wa ukanda huu ukamruka!

ZUHURA: Sijasema huwezi. Nimesema unalipa.

BARAKA: Basi nalipa, niseme. Tarehe 25 Juni 2009. Kwa saa zetu ilikuwa saa nane usiku na ushee, na mimi niko macho. David Stern, mkuu wa NBA wakati ule, anapanda jukwaani, Blake Griffin wa kwanza, halafu Memphis Grizzlies wanamchukua kijana wa Dar es Salaam. Wa pili! Harden wa tatu. Curry wa saba. Mtu aliyeanza kikapu akiwa kijana mkubwa pale Makongo anatajwa mbele ya Stephen Curry. Nilipiga kelele hadi nyumba ya jirani ikawasha taa.

ZUHURA: Na Februari 2010 wakampeleka Dakota, ligi ya chini. Hadi wakati ule hakuna aliyekuwa amechaguliwa juu namna ile akashushwa kule.

BARAKA: Kwa nini? Jibu ni dalili yangu ya kwanza. Pale chuoni alikuwa anazuia zaidi ya mipira minne kwa mechi, mlinzi bora wa taifa mara mbili mfululizo. Lakini alikuwa anawazuia watu aliowazidi kimo. Alipofika kwa wanaume wenye uzito wake na wepesi kumzidi, miguu haikufika. Ilionekana tangu chuoni kwa aliyetaka kuiona.

ZUHURA: Hapo sikubaliani na wewe, na sitakubaliana.

BARAKA: Najua.

ZUHURA: Memphis walikuwa tayari na nani pale katikati? Marc Gasol. Unamchukua mtu anayehitaji dakika kuliko kitu kingine chochote, halafu unamweka nyuma ya Gasol. Mwaka ule wa kwanza alipata kama dakika 13 kwa mechi. Anaingia, anafanya faulo mbili, anatolewa, kesho yake wanaandika amepotea. Angechaguliwa wa 25 na timu yenye subira, leo tungekuwa tunaongea mengine.

BARAKA: Alikwenda Houston, akaenda Portland, akaenda Oklahoma City. Timu zote hizo hazikuwa na subira?

ZUHURA: Baada ya miaka miwili ya kuambiwa ni hasara, nani anakufundisha upya? Kule unakwenda kukaa benchi. Na mtu hakuacha mpira, Baraka. Kacheza Japani, kacheza Taiwan. Mtu asiye na kitu hachezi muda wote huo.

BARAKA: Sijasema Thabeet hana kitu...

ZUHURA: Soda ya pili hiyo.

BARAKA: ...nimesema kitu alichokuwa nacho hakikuwa cha namba mbili.

ZUHURA: Na namba mbili alijipa yeye?

BARAKA: Hapana. Hilo ni lako.

ZUHURA: Turudi kwa Maluach, maana hapo ndipo naogopa. Usiku ule ule wa drafti, Phoenix waliomchukua Maluach walimleta na Mark Williams kutoka Charlotte. Senta, mtu wa katikati kama yeye. Tayari ameshacheza NBA. Unaona filamu inavyorudiwa?

BARAKA: Haifanani. Yule wetu alichaguliwa ana miaka 22, Maluach ana 18. Miaka minne kwa mtu mrefu ni mingi sana, mwili wake ndiyo kwanza unakaa sawa. Halafu angalia alikopita. Akademia ya NBA kule Saly, Senegal. Ligi ya Afrika, BAL, akiwa bado mtoto anapambana na wanaume, akaja kuichezea hata City Oilers ya Kampala. Kombe la Dunia 2023 ana miaka 16. Olimpiki ya Paris ana 17. Hakukaa mahali wakamsifia tu. Kapigwa viwiko na watu wenye familia zao.

ZUHURA: Na nusu fainali ya vyuo, Aprili 2025? Duke, chuo cha Maluach, na chuo cha Houston. Duke wanaongoza, wanapoteza 70 kwa 67. Mtu wa mita mbili na ushee kacheza dakika 21. Ribaundi ngapi, ile mipira iliyokosa kikapu akaidaka?

BARAKA: Sifuri.

ZUHURA: Sifuri! Na wewe unaniambia miguu.

BARAKA: Mechi moja, Zuhura. Mitupo yake huru uliiangalia? Zaidi ya asilimia 70 msimu mzima. Mrefu mwenye mkono laini namna ile anafundishika.

ZUHURA: Anafundishika akiwa na wa kumfundisha! Ndiyo hoja yangu tangu tuanze. Wembanyama, yule Mfaransa mrefu, kwa nini sifa hazikumvunja? Ana kipaji, ndiyo, lakini mama yake ni kocha wa kikapu, alimshika tangu mdogo. San Antonio walimpa timu mkononi tangu siku ya kwanza.

BARAKA: Wembanyama ungempeleka Memphis ya 2009 akae nyuma ya Gasol, Gasol ndiye angekaa benchi.

ZUHURA: Hujui hilo.

BARAKA: Na wewe hujui kwamba Thabeet angeiva kwingine.

ZUHURA: Tatu.

BARAKA: Naziona. Niambie kitu kimoja: yule dogo wa Upanga, miguu yake ikoje?

ZUHURA: Miguu mizuri. Tatizo ni mpira akiudaka. Anaushusha hadi kiunoni, halafu ndiyo anapanda nao. Vijana wafupi wanamsubiri hapo hapo kiunoni wanamnyang'anya, kila mara, na kwenye benchi hakuna anayemwambia aubakize juu. Nilimwita pembeni nikamwonyesha mara moja tu. Robo ya nne akaubakiza juu mara mbili.

BARAKA: Basi huyo anajifunza. Hiyo ni dalili yangu ya nne, nilikuwa nataka...

ZUHURA: Fundi ananyoosha vidole viwili. Dakika mbili.

BARAKA: Sijafika hata ya pili!

ZUHURA: Hutafika. Tuandikieni hapa chini, nyie wazazi na makocha hasa: ukiwa na kijana kama huyo, unamwambia nini kuhusu watu wanaokuja na ahadi za nje? Hilo nataka kulisoma wiki ijayo, na nimemwalika kocha wa shule aje tuongee.

BARAKA: Na mimi nakuja na karatasi yangu.

ZUHURA: Njoo nayo. Ila Memphis walimwonea.

BARAKA: Ilikuwa miguu.

ZUHURA: Baraka, mtu kapewa dakika 13...

BARAKA: Dakika 13 zinatosha kuonyesha miguu, dada yangu, hata tano zinatosha...

ZUHURA: Hazitoshi! Senta anahitaji...

[Mwisho wa rekodi]