Tatu za Kutibu, Saba za Kuuguza

Asalaam aleikum, hamjambo. Walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa uuguzi mliojibanza huko nyuma kwenye feni, sogeeni. Siumi mtu.

Hapa Unguja madaktari wa Kichina tumewazoea tangu 1964. Wauguzi wa tiba yao ya jadi ndio hatuwazungumzi.

Sisi mtu akisema "nauguza", hasemi ana cheti. Anasema nyumbani kwake kuna mgonjwa. China nako ilikuwa hivyo kwa karne nyingi. Tabibu alishika mapigo, akatazama ulimi, akaandika dawa, akaenda zake. Wa kuchemsha mizizi na kukesha walikuwa watu wa nyumbani. Uuguzi wa kusomea uliletwa na hospitali za wamisionari karne ya 19. Mwaka 1914, kwenye mkutano wa wauguzi Shanghai, bibi mmoja aliyesomea kazi hiyo London, Zhong Maofang, akapendekeza jina: *hushi*. *Hu* ni kulinda, kutunza. *Shi* ni msomi.

Muuguzi wa tiba ya jadi amekaa katikati ya maneno hayo mawili. Kwenye kutunza hana wasiwasi, tena ana msemo wa kujivunia: katika kumi, kutibu ni tatu, kuuguza ni saba. Kwenye usomi ndipo penye kazi. Vyuo vinne vya mwanzo vya tiba hiyo vilianzishwa 1956 kusomesha madaktari. Masomo ya uuguzi yalifuata baadaye. Saba ni zake, lakini anayeandika maelekezo ni daktari, mwenye zile tatu.

Basi mtazameni anapoumika, yaani anapobandika kikombe mgongoni kivute ngozi. Wazee wetu walitumia pembe, wakaiita chuku, hiyo hiyo tunayoitia kwenye hadithi. Yeye ana kikombe cha kioo. Anashika kwa koleo pamba yenye spiriti, anaiwasha, anaizungusha ndani ya kikombe, anaitoa, na papo hapo kikombe kimeuma mgongo. Ngozi inapanda, nyekundu, kisha zambarau. Pamba ikidondosha tone, mgonjwa kaungua. Ukingo wa kikombe ukipata moto, kaungua vilevile. Na kukitoa hakivuti: anabonyeza ngozi pembeni kwa kidole, hewa inaingia, kinaachia chenyewe. Kidole hicho kina elimu yake, na kwa maoni yangu fahari ya kazi ile imekaa hapo, kwenye mikono, kuliko kwenye cheo.

Kuna na kuangalia. Wagonjwa wawili wanakohoa. Mmoja anahisi baridi, makohozi meupe: anapewa maji ya tangawizi. Mwingine koo limekauka, makohozi ya njano: tangawizi marufuku, anapewa peasi. Kwa nesi wa kawaida wote ni kikohozi. Kwa huyu ni watu wawili, chakula mbalimbali.

Sisemi kila wanachodai kinaponya. Mengi bado yanahitaji kupimwa kwa utafiti wa maana, na muuguzi anayejiita msomi ndiye wa kwanza kuuliza. Akisubiri daktari amuulizie, ile *shi* imebaki jina tu.

Haya, maneno yametosha. Nimekuja na kikombe kimoja. Msiogope, hiki ni cha pampu, hakina moto. Nani ananipa mkono wake?