"Samahani Shemeji, Sikujua": Pete ya Ndoa na Usumbufu wa Njiani

Asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nalisema tena. Juzi dada mmoja ambaye hajaolewa aliniambia amenunua pete ya ndoa ili asisumbuliwe njiani. Akaniuliza, "Inasaidia?"

Inasaidia, tusidanganyane. Wapo wanaume wakiiona tu wanarudi nyuma. Lakini sikilizeni wanavyorudi: "Samahani shemeji, sikujua." Neno hilo shemeji linanichoma kila nikilisikia. Nimemwambia hapana, sitaki, niache, na hakuna hata moja lililomwingia. Ameona pete, ghafla nimekuwa shemeji! Yaani amejipatia ndugu, mume ambaye hajawahi kumtia machoni, na huyo ndiye anayeombwa radhi. Mimi niliyeshikwa mkono barabarani sijaombwa radhi na mtu.

Tunasema mke wa mtu ni sumu, na tunausema msemo huo kama onyo jema. Hebu uchambueni. Sumu hiyo inamdhuru nani? Yule mwanamume. Anachoogopa ni hasira ya mwenye mke. Sasa asiyeolewa ni nini? Mjane je? Binti wa miaka 16 anayetoka shule? Msemo haukuwaweka, na barabarani wanaonekana hawana mwenyewe.

Kisa changu cha basi mnakijua, lakini kuna wageni, nivumilieni. Ilikuwa safari ya usiku, nimekaa dirishani, pete kidoleni. Jirani yangu alipoanza maneno, nikaweka mkono wa kushoto juu ya mkoba, kidole cha pete kikielekea kwake, aone. Akaona. Akakishika kidole changu, akaizungusha pete kwa dole gumba lake, polepole, mara mbili, kama mtu anayejaribu kufungua kifuniko. Akasema, "Hii ya kweli, au ya kutufukuzia sisi?" Nikauvuta mkono. Akaendelea: mume gani anamwacha mkewe asafiri usiku peke yake? Anakupigia simu? Mbona tangu tuondoke hajapiga? Halafu akaniambia waziwazi kwamba yeye anapenda walioolewa, kwa sababu hawagandi.

Mmeona? Pete niliyoitegemea ndiyo iliyompa mada. Nilijikuta namtetea mume mbele ya mtu nisiyemjua, nikijibu maswali ambayo hana haki ya kuyauliza. Ndiyo maana dada yule nilimwambia avae akipenda, simlaumu hata kidogo, lakini asije akajilaumu siku itakaposhindwa. Mtu aliyeamua kutosikia hapana anaweza pia kuamua kutoona pete.

Hapa huwa kuna kaka ananiuliza, "Sasa tusisalimie watu? Tutaoaje?" Salimia, ndugu yangu! Nimeulizwa swali hili mpaka limenichosha. Salamu haina neno. Ukijibiwa, ongea. Ukijibiwa kwa mkato, akageuza uso, au akakwambia hapana, umeshajibiwa. Usumbufu unaanzia pale unapoendelea. Mbona bosi wako akigeuza uso unaelewa mara moja?

Tena pete yenyewe ni alama dhaifu. Warumi wa kale waliamini kuna mshipa unaotoka kidole hicho moja kwa moja hadi moyoni, na mshipa wa namna hiyo haupo. Ujerumani na Urusi kawaida huvaliwa mkono wa kulia, kwa hiyo mtu akikutazama wa kushoto haoni kitu. Wanaofanya kazi kwenye mashine huivua, kwa kuwa ikinaswa inaweza kuchuna kidole ngozi yote. Fundi huyo akitoka kazini kidole kitupu, ulinzi wake uko wapi? Na wanaume wanaojisifu kwamba pete zao zinavuta wanawake: watafiti Tobias Uller na Christoffer Johansson walilipima jambo hilo wakachapisha mwaka 2003, na wanawake waliohojiwa hawakuwaona wenye pete kuwa wanavutia zaidi. Niliache hilo, muda unakwenda.

Sheria, kwa haraka. Ufaransa tangu 2018 inatoza faini kwa matusi na maneno ya kingono yanayorushiwa watu mitaani. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unaopinga ukatili na unyanyasaji kazini, unamhusu mfanyakazi hata akiwa njiani kwenda na kurudi kazini. Kote huko hakuna sharti la kuwa umeolewa. Nilitaka kusema pia kuhusu makondakta na walinzi wa milangoni, sitaweza.

Nimalizie kile kisa cha basi. Viti viwili mbele alikuwepo mama mmoja wa makamo. Nilidhani amelala. Akageuka, akamtazama yule bwana, akamwamsha kijana wake: "Nenda kakae pale." Kisha akaniita, "Binti, njoo huku." Nikabeba mkoba wangu, nikapita juu ya magoti ya yule bwana, ambaye hakuyasogeza. Mama akanipisha. Mpaka kunakucha swali aliloniuliza lilikuwa moja tu, kama ningependa kukaa dirishani.