Jumba Lililozama Likabaki Limesimama: Auditorium ya Chicago

(Mhadhara uliotolewa Mtwara mbele ya mafundi ujenzi, wanafunzi na wapenzi wa sanaa)

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, wanafunzi, na ninyi mlioingia kwa kuwa mmeona mlango uko wazi, karibuni sana.

Nilipoombwa nizungumzie majumba ya maonyesho, najua wengine mlitegemea nianze na Boma la Mikindani, kwa kuwa ndilo jengo la kale tunalolionyesha wageni. Lakini leo nawapeleka Chicago, Marekani, kwenye jumba lililofunguliwa tarehe 9 Desemba 1889, miaka sita kabla ya Boma letu la 1895. Jina lake Auditorium. Nimelichagua kwa sababu sehemu kubwa ya ufundi wake huioni ukilitazama. Imo ardhini, imo hewani, na imo kwenye daftari la mapato.

Nianze na daftari. Mwezi Mei 1886, katika uwanja wa Haymarket hukohuko Chicago, bomu lilirushwa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Polisi na raia wakafa, na mji ukagawanyika kati ya wenye viwanda na wenye jasho. Tajiri mmoja, Ferdinand Peck, aliamini kwamba ukumbi mkubwa wa muziki, wenye tiketi ambazo hata mfanyakazi angezimudu, ungesaidia kuwarudisha watu pamoja. Mimi sina hakika kama opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, inamtuliza mtu anayedai mshahara. (Kicheko.) Hata hivyo, wazo hilo ndilo lililochora ramani. Kule New York, jumba la Metropolitan Opera la 1883 lilizungushiwa ngazi kwa ngazi za boksi, vile vyumba vidogo vya matajiri. Chicago waliweka boksi 40 tu, tena pembeni, na sehemu yote inayotazama jukwaa wakaipa umma: viti zaidi ya 4,200.

Peck alijua pia kwamba sanaa haijilishi. Kwa hiyo jukwaa na viti vimekaa katikati, na jengo zima limejengwa kuvizunguka: hoteli upande wa barabara ya Michigan, ikitazama ziwa, na ofisi za kupangisha upande wa barabara ya Wabash. Mpangaji na mgeni wa hoteli walipe, mwimbaji aimbe. Hesabu nzuri kwenye karatasi. Ila vyumba vingi vya hoteli ile havikuwa na bafu la ndani, na baada ya miaka michache wageni wakaanza kupenda hoteli mpya zenye bafu.

Sasa mafundi, hapa ni penu. Wasanifu walikuwa wawili, Dankmar Adler na Louis Sullivan. Adler alikuwa mtu wa hesabu, udongo na sauti. Sullivan alikuwa mtu wa mapambo. Kijana wa kuchora ramani ofisini mwao aliitwa Frank Lloyd Wright, ambaye baadaye alikuja kujulikana kuliko wote wawili.

Eneo lenyewe liko karibu na Ziwa Michigan. Chini ni udongo laini wa mfinyanzi wenye maji, na mwamba uko mbali sana. Juu ya udongo huo walitaka kusimamisha kuta za mawe zinazobeba mzigo wote, jengo la ghorofa 10, na juu ya mlango wa ukumbi mnara wa ghorofa 17. Mnajua ninyi kuliko mimi: nyumba ikizama yote kwa pamoja, unaweza kuishi nayo. Balaa ni pale pembe moja inapozama na nyingine ikagoma. Mnara ulikuwa mzito kuliko kuta za jirani zake, basi ungezama zaidi na kuzipasua.

Adler alilaza chini ya mnara jukwaa pana la magogo yaliyopishana, juu yake zege lenye reli za chuma ndani, ili uzito usambae. Halafu akafanya jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Wakati kuta za pembeni zinapanda, mnara ukiwa bado mfupi, alirundika matofali na vipande vya chuma kwenye msingi wa mnara, uzito wa kulingana na mnara ambao ulikuwa haujajengwa. Udongo ukaanza kuzama mapema, sambamba na sehemu nyingine. Kadiri mnara ulivyopanda, ndivyo walivyopunguza shehena ile. Yaani aliudanganya udongo kwamba mnara umeshafika.

Lakini mwenye mali naye ana lake. Kuta za nje zilikusudiwa ziwe za matofali. Msingi umeshapigiwa hesabu, wakuu wa mradi wakataka mawe: itale chini, mawe ya chokaa juu. Nani kati yenu hajawahi kumwaga msingi wa nyumba ya chini, kisha bosi akaja na kusema, "Fundi, nimefikiria, tuongeze ghorofa"? (Kicheko kirefu.) Basi na wao. Kuta zikazidi uzito, na sehemu nyingine za jengo zikazama zaidi ya nusu mita. Ukiingia leo, sakafu ya ukumbi wa kuingilia imeinama, na mguu unaihisi kabla jicho halijaiona. Lakini jengo halikuanguka.

Tupande juu, kwenye sauti. Sisi ngoma zetu ni za uwanjani. Midimu, wale wachezaji wa vinyago wa Kimakonde, ikitoka, watu huizunguka, na ngoma husikika mpaka kijiji cha pili. Ndani ya kumbi tunapata taabu: bati juu, kuta tupu, mvua ikinyesha mgeni rasmi anachezesha midomo tu. Mwaka 1889 hakukuwa na kipaza sauti. Adler alifanya dari ya matao makubwa manne, kila tao pana kuliko lililotangulia kadiri unavyotoka jukwaani, kama baragumu ambalo mwimbaji amesimama kwenye mdomo wake mwembamba. Sauti inasukumwa kwa wasikilizaji badala ya kupotea juu. Viti navyo vinapanda kwa mkunjo uliopimwa ili kichwa cha mtu kisizuie macho wala masikio ya aliye nyuma yake.

Hapo ndipo Sullivan alipopewa nafasi. Matao yaleyale yalipakwa dhahabu na kupangwa balbu zisizofunikwa, maelfu kadhaa ukumbini, wakati umeme wenyewe ulikuwa bado kitu cha kushangaza. Katikati ya mapambo yake kuna matundu ya kuingiza hewa safi, ambayo majira ya joto ilipozwa kwa barafu. Ua la plasta unaloliona zuri pale juu, kumbe lina kazi ya kufanya. Napendekeza wanafunzi mlikumbuke ua hilo mnapobandika nakshi mbele ya nyumba bila sababu.

Mwezi Juni 1888, jengo likiwa halijakwisha, chama cha Republican kilifanyia humo mkutano wake mkuu na kumteua Benjamin Harrison kuwa mgombea wake wa urais. Mwaka uliofuata alirudi akiwa Rais kuhudhuria ufunguzi, na mwimbaji Adelina Patti akaimba.

Miaka ya neema nitaipita haraka. Okestra ya mji ikahama 1904, opera ikahama 1929, na palizungumzwa kulibomoa. Kilichosaidia kuliokoa ni uzito uleule: ilionekana gharama ya kulibomoa ingezidi thamani ya kiwanja. Mwaka 1941 likafungwa. Wakati wa vita likawa mahali pa kupumzikia askari, na jukwaa la opera likawekewa njia za kuchezea bowling, mchezo wa kuviringisha mpira kuangusha vigingi.

Baada ya vita likanunuliwa na chuo cha Roosevelt, kilichoanzishwa 1945 na walimu waliokataa kuwawekea wanafunzi weusi na Wayahudi ukomo wa idadi. Chuo kilitaka madarasa, kikageuza vyumba vya hoteli. Kwa ukumbi hakikuwa na fedha. Beatrice Spachner aliongoza uchangishaji, msanifu Harry Weese akasimamia ukarabati, na tarehe 31 Oktoba 1967 pazia likafunguliwa tena. Boma la Mikindani nalo, ambalo leo ni hoteli, linaishi kwa njia isiyo mbali sana na hiyo: wageni wa kulala ndio wanaolipia chokaa.

Mzee mmoja hapa mbele ameuliza kama barabara haikuwahi kulifikia, maana sisi tunazijua zile alama za X zinazochorwa ukutani mwa nyumba za kubomolewa kupisha barabara. Ilifika, mzee wangu. Miaka ya 1950 mtaa wa Congress, upande wa kusini wa jengo, ulipanuliwa, na njia ya waenda kwa miguu ikakosa pa kupita. Wakatoboa ghorofa ya chini upande huo wote, wakaacha nguzo zibebe kuta, na watu wakapitishwa ndani ya jengo. Kilichopigwa X kilikuwa baa ya hoteli.