Taja Toleo la Chini Kwanza: Kujenga Programu kwa Ajili ya Windows za Zamani

Mhadhara kwa wanafunzi wa informatiki na vijana wanaoandika programu, Lubumbashi

Wandugu na wadada, jambo yenu. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi ninyi mliotoka Ruashi na Katuba na jua hili.

Tuanze na mashine zenyewe. Ingia katika ofisi ya shule, kituo cha afya au duka la fotokopi pale mtaa wetu wa Kenya au Kamalondo, kisha tazama chini ya meza. Mara nyingi utakuta kompyuta iliyofika mjini baada ya kutumika miaka mingi kwingine: prosesa ya Core 2 Duo, gigabaiti 2 za kumbukumbu, Windows 7 ya Kifaransa, pengine ya biti 32. Na inafanya kazi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, lakini katibu wa shule bado anaandika majina ya wanafunzi juu yake kila Septemba. Wala hadithi hii haiishii hapo. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za miaka ya karibuni, vitu ambavyo mashine hizo hazina. Kwa hiyo ninayoyasema leo kuhusu Windows 7, kesho mtayahitaji kwa Windows 10.

Kijana anaandika programu nzuri kwenye laptopu yake. Anaipeleka kwa katibu, anabofya mara mbili, kinatokea kisanduku kidogo: eti «point d'entrée» (yaani funksheni) fulani haipatikani ndani ya KERNEL32.dll, maktaba ya msingi ya Windows. Programu haikufunguka hata sekunde moja. Kijana anarudi nyumbani, anasoma msimbo wake mstari kwa mstari, haoni kosa. Hataliona, kwa sababu haliko kwenye msimbo. Liko kwenye faili la ujenzi, yaani maagizo ya kugeuza msimbo kuwa programu, ambamo hakuna aliyeandika mashine ya chini kabisa ni ipi. Usipoitaja, zana zako zitakuchagulia, na siku zote zitachagua mpya.

Hapa naomba twende polepole, maana mtu akielewa jambo hili moja, yaliyobaki ni kazi ya mikono.

Tuseme unaandika kwa lugha ya C programu ya kuhesabu dawa katika kituo cha afya. Unataka saa sahihi, unaita funksheni GetSystemTimePreciseAsFileTime. Funksheni hiyo ilikuja na Windows 8. Kwenye faili za heda za Windows (zinazotangaza funksheni zilizopo), tamko lake limezungukwa na sharti: lionekane tu ikiwa makro (jina unalolipa thamani) _WIN32_WINNT ina thamani ya Windows 8 au zaidi. Thamani hizo zinafuata namba za ndani za Windows: 0x0501 ni XP, 0x0601 ni Windows 7, 0x0A00 ni Windows 10. Usipoandika thamani yoyote, heda za SDK (zana za Microsoft za kujengea programu) ya sasa zinachukua ile ya juu, na mlango wote unakuwa wazi. Msimbo unapita, linka (inayounganisha vipande vya programu) inapita, kwako inafunguka. Ndani ya faili la .exe kumeandikwa: «niletee funksheni hii kutoka KERNEL32.dll». Windows 7 inatafuta, inakosa, inakataa kuanza.

Sasa andika mstari mmoja kwenye CMakeLists.txt, faili la ujenzi la zana ya CMake:

add_compile_definitions(_WIN32_WINNT=0x0601 WINVER=0x0601)

Tamko linafichika. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa programu, inalalamika palepale, mbele yako, na kukutajia mstari wenye shida. Hilo ndilo tunalolitaka: kosa lijitokeze mezani kwako, wakati una muda na una umeme, lisimngoje muuguzi siku ya kugawa dawa.

Lakini kuna tundu. Ukiandika C kwa kompaila ya GCC ya zamani kuliko toleo la 14, kuita funksheni isiyotangazwa kunaleta onyo tu, si kosa. Onyo linapita katikati ya mistari mia mbili ya onyo nyingine, nani atalisoma? Kisha linka inaikuta funksheni hiyohiyo ndani ya maktaba ya kuunganishia kernel32, maana maktaba hiyo ina majina ya matoleo yote, haijui habari za _WIN32_WINNT. Unarudi ulikoanzia, na safari hii unaamini umejilinda. Kwa hiyo ongeza -Werror=implicit-function-declaration. Kwa C++ hakuna haja, tamko likikosekana ni kosa tangu mwanzo.

Na kama kweli unaihitaji ile saa sahihi? Usiiite moja kwa moja. Programu ikishaanza, iulize Windows kwa GetProcAddress: unayo? Ikijibu ndiyo, itumie. Ikijibu hapana, tumia GetSystemTimeAsFileTime ambayo ipo kwenye Windows zote tunazozungumzia. Programu moja, mashine mbili, kila moja inapata inachoweza.

Tuje kwenye maktaba ya C yenyewe. Tangu Visual Studio 2015 kuna UCRT, maktaba ya msingi ya C ambayo Windows 10 inakuja nayo. Windows 7 haikuja nayo. Lazima iongezwe kwa sasisho KB2999226. Kwenye karatasi ni jambo dogo. Lakini mnajua wenyewe bei ya megabaiti hapa, na mnajua kwamba mashine nyingi za maofisini hazijawahi kuguswa na sasisho lolote. Kumwambia katibu «kwanza sasisha Windows» ni kumwambia aache programu yako. Mimi nachagua MinGW-w64 (zana za GCC za kujengea programu za Windows) iliyojengwa juu ya msvcrt, maktaba ya C ya zamani, kwa sababu msvcrt.dll ipo ndani ya kila Windows tunayoilenga. Muwe macho tu: MinGW-w64 toleo la 12, la mwaka 2024, lilibadilisha chaguo lake la kawaida kuwa UCRT. Kwenye MSYS2, mkusanyiko wa zana hizo kwa ajili ya Windows, mazingira ya UCRT64 yanatumia UCRT na yale ya MINGW64 yanatumia msvcrt. msvcrt nayo ina uzee wake, kwa mfano printf yake (funksheni ya kuandika matokeo) haielewi alama %zu vizuri; weka __USE_MINGW_ANSI_STDIO=1 na MinGW itatumia printf yake yenyewe. Kisha unganisha kwa -static, ili maktaba za kompaila, libgcc, libstdc++ na libwinpthread, ziingie ndani ya .exe yako. Faili moja kwenye ufunguo wa USB, basi.

Wengi wenu mna Ubuntu. Vizuri sana, maana kujenga kwa ajili ya Windows kutoka Linux kunakulazimisha kuandika kila kitu. Unatengeneza faili la zana, unaweka CMAKE_SYSTEM_NAME kuwa Windows na kompaila kuwa i686-w64-mingw32-gcc kwa biti 32, halafu CMAKE_FIND_ROOT_PATH pamoja na MODE za LIBRARY na INCLUDE kuwa ONLY, la sivyo CMake itaokota maktaba za Linux yako na kuzichanganya na za Windows. Faili hilo linasomwa vizuri mara ya kwanza tu ya usanidi, mengine yanabaki kwenye CMakeCache.txt. Ukibadilisha zana, futa folda ya ujenzi yote, uanze upya. Nimeona watu wanapoteza jioni nzima kwa kashe ya zamani.

Jambo lingine linaloua programu kimyakimya ni chaguo la kompaila -march=native. Linapendeza, linasema «tumia nguvu zote za prosesa hii». Prosesa hii ni ya kwako! Amri za AVX (za hesabu za kasi) zilianza kupatikana kwenye prosesa za mwaka 2011. Core 2 Duo ya katibu haina hata moja. Programu itaanguka katikati ya hesabu, na Windows itasema tu «a cessé de fonctionner», bila sababu. Kwenye programu ya kugawa, liondoe.

Majina yetu yana lafudhi za Kifaransa, na folda zetu pia: Élèves, Secrétaire, 6ème. Kuna njia ya kuiambia Windows kwa manifesti (maelezo yanayoambatana na programu) kwamba programu yote inatumia UTF-8, namna ya kuandika herufi za lugha zote, lakini inaanza Windows 10 toleo la 1903. Chini ya hapo, weka UNICODE na _UNICODE kwenye faili la ujenzi, tumia funksheni zenye W, na kwa MinGW ongeza -municode ukiandika wmain. SQLite, maktaba ya kuhifadhi data, inakurahisishia: wewe unaipa jina la faili kwa UTF-8, yenyewe inaligeuza kwa ajili ya Windows. Ndiyo maana naipenda kwa kazi hizi, pamoja na kwamba ni faili moja la C unaloliweka ndani ya mradi na kulijenga kwa masharti yako mwenyewe.

Neno hilo, «kwa masharti yako», ni zito. Ile _WIN32_WINNT inalinda msimbo unaoujenga wewe tu. Maktaba uliyoipakua ikiwa imekwisha kujengwa ina masharti ya aliyeijenga. Kwa hiyo kabla ya kugawa, endesha i686-w64-mingw32-objdump -p juu ya .exe yako na usome. Ukiona majina yanayoanza na api-ms-win-crt, UCRT imeingia. Ukiona funksheni usiyoijua chini ya KERNEL32.dll, tafuta ilikuja na Windows ipi. Ifanye iwe hatua ya ujenzi: skripti inalinganisha orodha hiyo na iliyoruhusiwa, jina geni likitokea ujenzi unasimama. Kisha jaribu kwenye Windows 7 isiyo na sasisho, ndani ya mashine pepe au, bora zaidi, kwenye mashine ya kweli.

Kuna ndugu pale nyuma ameuliza kuhusu XP. Swali zuri. XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na bado ipo, hasa pale kompyuta imefungwa kwenye mizani au kifaa cha maabara ambacho draiva yake haikutengenezwa tena. Kushuka hadi huko kunagharimu: lugha ya Python ya mwisho kuikubali ni 3.4, maktaba ya Qt ni 5.6, lugha ya Go ni 1.10. Kwa Windows 7 ni 3.8, 5.15 na 1.20, kuna nafasi ya kupumua. Ukitumia Visual Studio, unahitaji zana za v141_xp, na CMake unaipa -T v141_xp. Kichwa cha .exe kiseme 5.01 kama toleo la mfumo mdogo, la sivyo XP itasema hiyo si programu halali kabla hata ya kutazama ndani. TLS 1.2 (ulinzi wa mawasiliano ya mtandao) ya mfumo haipo, kwa hiyo usitegemee Windows ikuunganishie na seva za leo. Jibu langu ni hili: kama ni mashine ya kifaa, isiyo na mtandao, andika programu ndogo ya C inayosoma data za kifaa na kuziweka kwenye faili, ijenge kwa 0x0501, na kila kitu kingine kifanyike kwenye mashine ya pembeni yenye Windows 7 au zaidi. Usiishushe programu nzima hadi XP kwa ajili ya waya mmoja.