Vigelegele Kolkata: nilichokiona kwenye harusi ya Kibengali

Jamani wapenzi habari za huko nyumbani, na mama kama unaangalia shikamoo. Leo sijaweka mziki wala nini, naongea tu hivi hivi, oneni kucha zangu, haya ni manjano, nimesugua na sabuni mara tatu hayatoki. Nimetoka harusini. Siku tatu! Rafiki yangu ninayefanya naye kazi hapa Kolkata, India, ameolewa na kwao wamenichukua kama mtoto wa nyumbani, kwaiyo nimeona vitu ambavyo mgeni wa kuja kula na kuondoka havioni.

Kitu cha kwanza, maana najua komenti zenu. Zile harusi za kwenye tamthilia za Kihindi, bwana harusi juu ya farasi, ndugu wanacheza barabarani, zile ni za kaskazini, Punjab na Delhi huko. Hapa ni Bengal Magharibi na Wabengali wana mambo yao, na nyie mnaosema Mhindu hali kitu chenye uhai, hawa wanakula samaki na mbuzi mpaka siku ya harusi yenyewe. Tena asubuhi upande wa mwanaume unaleta masinia ya zawadi, yanaitwa tattwa, kuna sari, vipodozi, mtindi mtamu kwenye vyungu vya udongo, na sinia moja yuko samaki mzima, anaitwa rui, mkubwa hivi, kavishwa sari nyekundu na kipini cha pua. Samaki kapambwa kama bibi harusi! Nilimpiga picha kumi.

Sasa twende kwenye manjano. Bibi harusi tulimwamsha bado giza, akala chire, ule mchele uliopondwa ukawa bapa, na mtindi na vitamu kidogo, hapo hali tena mpaka ibada iishe usiku. Kukishapambazuka yanaletwa manjano yaliyosagwa kutoka kwa bwana harusi, yani ameshapakwa yeye kwanza ndo yaliyobaki yanakuja kupakwa mwanamke. Wanaita gaye holud. Mimi mtoto wa Tanga singo naijua toka nazaliwa, nikainama nampaka mwenzangu miguuni, mara nyuma yangu wanawake wakapiga vigelegele.

Vigelegele, wapenzi. Vile vile vyetu. Nilisimama nikageuka maana nilihisi niko uwanjani kwa bibi. Wao wanaviita ulu, ulimi wanauchezesha pembeni pembeni, sauti nyembamba zaidi, na pembeni mmoja anapuliza shankh, lile kombe kubwa la baharini, linalia kama baragumu. Nikaachia cha kwetu. Mashi wa bibi harusi, mashi kwao ni dada wa mama, shangazi ndo pishi, akanishika mkono akasema tena, rudia tena. Kuanzia hapo kila kitu kikifika pazuri wananitafuta mimi.

Jioni tukahamia biye bari, jumba la kukodi la harusi, limejaa taa na maua. Saa ya ndoa inaangaliwa kwenye panjika, kile kitabu chao cha falaki, yetu iliangukia kama saa tano usiku. Bwana harusi kavaa dhuti, ile nguo ya kujifunga kiunoni, na kichwani kofia nyeupe ndefu yenye ncha, topor. Niliomba niishike. Imetengenezwa na shola, mmea wa kwenye madimbwi, wanamenya wanatoa ule moyo mweupe wa ndani wanauchonga, na haina uzito kabisa jamani, ni kama umeshika povu, unaogopa hata kupumua. Taji la bibi harusi ni shola hiyohiyo. Yeye kavaa sari nyekundu ya Benaras, na usoni juu ya nyusi wamemchora vidoti vya liwa kimoja kimoja, nilikaa pale namuangalia anayechora, karibu saa zima, mkono hautetemeki.

Basi bibi harusi anabebwa. Anakaa juu ya kibao, piri, kaka zake na binamu wanamnyanyua wanazunguka naye bwana harusi mara saba, na muda wote uso kauficha kwa majani mawili ya tambuu. Tambuu hii hii ya kwetu. Wakimaliza ndo anayashusha taratibu wanaangaliana. Hapo shankh zikalia, ulu, na mimi nikapasua koo.

Baadae kuna moto, kaka mtu anamwekea dada yake bisi za mpunga mikononi wanazimimina motoni, kuna hatua saba pia, na hizo hatua siyo pambo, kwa sheria ya ndoa za Kihindu ya 1955 kama ndoa imefungwa kwa desturi hiyo basi inakamilika hatua ya saba ikikanyagwa. Kisha sindoor, ile rangi nyekundu kwenye mstari wa nywele, ikimwagikia puani wanafurahi, wanasema atapendwa.

Lakini nataka niwaambie kilichonikaa. Ni kuhusu mama. Kwa desturi ya zamani mama wa bwana harusi haji kwenye ndoa, anabaki nyumbani, na kijana akimuaga anamwambia mama naenda kukuletea mjakazi. Mjakazi! Mama wa bibi harusi naye anampokea mkwe mlangoni lakini ndoa yenyewe haangalii, asije akamtia mwanae nuksi. Vijana wengi sa hivi wanakataa hayo, na hapa Kolkata yuko mwanamama anaitwa Nandini Bhowmik, msomi wa Kisanskriti, anafungisha ndoa yeye na wanawake wenzake na ile sehemu ya baba kumtoa binti kama kitu cha kugawa ameiondoa kabisa. Mimi niko upande wake.

Kesho yake asubuhi ndo kuaga. Bibi harusi anasimama mlangoni kawapa mgongo wa kwao, anachota mchele anaurusha nyuma juu ya kichwa mara tatu, mama kasimama nyuma katandaza pindo la sari anaudaka, na binti anatakiwa aseme, mama, deni lako nimelipa. Wanaita kanakanjali. Na asigeuke.

Rafiki yangu alishaniambia usiku ule hatayasema hayo maneno. Akarusha mchele, wa kwanza, wa pili, wa tatu, watu kimya wanasubiri. Akageuka. Akamwangalia mama yake akasema kwa Kibengali, hili halilipiki, akarudi akamkumbatia mpaka ule mchele wote ukamwagika ngazini. Pishi mmoja alinung'unika, wengine wakaanza kulia, mashi yule akaniangalia mimi. Nikapiga kigelegele huku nalia.

Nikamkumbuka mama. Sisi akiolewa binti kuna mkaja, mwanaume anampa mama mtu kwa lile tumbo alilolifunga akishamzaa, na sijawahi kusikia mtu anasema mkaja umelipa deni, mkaja ni kumwambia mama tunajua ulichopitia. Nilimweleza mashi hivo kwa Kibengali changu cha kuunga unga, akasema neno hilo litamke tena. Mkaja. Akalirudia mara tatu.

Gari lilivyoondoka mama mtu aliinama anaokota punje za mchele kwenye ngazi, moja moja, anazifunga kwenye pindo. Nikainama nikamsaidia.

Mambo ya siku ya tatu, bou bhat, bibi harusi anavyowapakulia wali wakwe zake, ntayaweka kwenye vidio nyingine maana picha ziko nyingi. Mama ukimaliza kuangalia nipigie, hata kama huku ni usiku, sijalala.