Acheni Draiva Kwanza

Waliowahi kunisikia wanajua nitakapoanzia, waanze tu kucheka: acheni draiva kwanza. Printa ikikosekana ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, mkono wa fundi wa kwetu unakwenda kwenye draiva, ile programu ya kuiwezesha kompyuta kuongea na printa, kama wa mtoto kwenye kopo la sukari. Anapakua kwa bando lake mwenyewe, anaweka, anazima na kuwasha, hamna kitu. Anarudia. Huo si ufundi, ni kupiga ramli.

Kuna mhasibu mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi. Programu yake ya stoo ni ya zamani, inaelewana na Windows 7 tu, kwa hiyo alipopata kompyuta mpya akawekewa hiyo Windows 7 ndani ya VirtualBox, programu ya kutengenezea mashine pepe. Printa iko kwenye mtandao wa ofisi. Akiwa nje ya mashine pepe anachapa vizuri. Akiingia ndani, haionekani. Nilikuta fundi aliyenitangulia ameweka draiva mara nne. Najua ni nne kwa sababu printa nne zenye jina moja zilikuwa zimejipanga pale, zote za kijivu, kama viti vya msibani watu wakishaondoka.

Nikauliza swali moja: mashine hii ina anwani gani? Tukaandika ipconfig, amri ya Windows ya kuonyesha anwani ya mtandao. 10.0.2.15. Jamani, namba hiyo hata mkiniamsha usiku naitambua! VirtualBox ukiiacha ilivyokuja, kwenye NAT, yaani mpangilio unaoificha mashine pepe nyuma ya kompyuta ya nje, mashine iliyomo ndani hupewa hiyo hiyo, uwe Tandika au Toronto. Printa ilikuwa 192.168.1 na kitu, yaani mtandao mwingine kabisa. Sasa, kompyuta ikitafuta printa yenyewe, hupiga hodi kwa wote waliomo kwenye mtandao wake, na hodi hiyo haivuki NAT. Umejifungia chumba cha ndani unapiga hodi, jirani wa nyumba ya tatu akuitikie vipi?

Namwona mtu pale nyuma anataka kusema, "Mbona intaneti ilikuwa inafanya kazi?" Ndiyo, na hapo ndipo wengi wanapopotea. NAT haikukatazi kutoka; ukijua unakokwenda, unafika. Ile printa hakuna aliyekuwa na anwani yake, wote walikuwa wanaisubiri ijitokeze. Kwa hiyo NAT yenyewe sikuigusa. Nilichapa ukurasa wa mipangilio pale pale kwenye printa, nikasoma anwani, nikaiandika kwa mkono kama printa ya TCP/IP, yaani ya kufuatwa kwa anwani yake, poti 9100, mlango ambao printa nyingi za mtandao hupokelea kazi. Draiva ile ile ya mwenzangu ikakubali. Karatasi ikatoka, nikalipwa, nikaondoka kwa maringo.

Siku ya tatu, simu. "Fundi, printa imepotea tena." Safari hii kosa lilikuwa langu. Umeme ulikatika, printa ilipowaka ruta ikaipa anwani nyingine. Nilitakiwa kuitengea anwani ya kudumu kwenye ruta kabla sijabeba begi langu. Nauli ya kurudi nilijilipia mwenyewe.

Mwingine ataniambia, si uweke Bridged, ule mpangilio wa kuiunganisha mashine pepe moja kwa moja na mtandao wa ofisi, yaishe? Weka, mashine itapata anwani ya ofisi na printa itaitika hodi. Lakini Wi-Fi nyingine hazielewani na Bridged, utahangaika. Halafu Windows 7, ambayo masasisho yake ya bure ya usalama yalikoma Januari 2020, kweli mnataka muitoe uwanjani icheze na kompyuta za mshahara? Mimi sitaki.

Naonyeshwa saa. Basi printa ya USB, haraka haraka: waya ule una bwana mmoja kwa wakati mmoja. Ukiikabidhi kwa mashine pepe kwenye menyu ya Devices ya VirtualBox, kompyuta ya nje inaipoteza, msinipigie simu. Mnaotumia Linux kwenye kompyuta ya nje, jiingizeni kwenye vboxusers, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kuipa mashine pepe USB, kisha mtoke na kuingia upya. Bila hivyo orodha ya USB itakuwa tupu. Kama orodha nzima ya printa haifunguki, angalieni huduma ya Print Spooler, inayopanga foleni ya kuchapa ndani ya Windows, kama imesimama. VMware, mshindani wa VirtualBox, nilitaka kuisema, tuiache.

Wewe dada mwenye laptopu hapo mbele, uliyesema printa yako imepotea tangu Jumatatu. Washa mashine pepe, andika ipconfig, utusomee kwa sauti.